Chakula cha Jana Kilienda Wapi? Nasaha kwa Vijana Wanaofuga Mbwa

Swali lenu nimelisikia, wajukuu zangu, na wala si geni kwangu. Mbwa anakula, lakini mbavu zinahesabika. Mkimwongezea chakula, anatapika au anaharisha usiku kucha. Mkimpunguzia, anazidi kukonda. Mmejaribu nyama, mmejaribu maziwa, mmejaribu mayai mabichi na vidonge mlivyoelekezwa na jirani, na mnyama yuko vilevile.

Ujana wangu wote niliutumia katika kazi ya mifugo, tangu nilipotoka chuoni Mpwapwa mpaka nilipostaafu hapa Njombe. Wengi walioniletea mbwa aliyekonda walikuja na wazo moja: alishwe zaidi. Nasaha yangu mimi ni fupi, na yote yatakayofuata ni maelezo yake tu. Usimwongezee mbwa chakula kabla hujajua chakula cha jana kilienda wapi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa binadamu sina ubishi nao: mgonjwa apewe tu, asingojwe aombe. Lakini mbwa mwenye tumbo dhaifu lazima aulizwe kwanza, na kwa kuwa hasemi, tutaziuliza mbavu zake, ufizi wake na kinyesi chake. Msikunje pua. Anayeona kinyaa kutazama kinyesi cha mbwa wake atafute mnyama mwingine wa kufuga.

Anzeni na mbavu. Si kila mbwa mwembamba ni mgonjwa. Mbwa wetu wa kienyeji kaumbwa mwepesi, miguu mirefu na kiuno chembamba, na ukimnenepesha mpaka afanane na wale wa kwenye picha za matangazo utakuwa umemtafutia maradhi ya viungo. Mpitishe vidole ubavuni bila kubonyeza sana. Ukizigusa mbavu kwa urahisi lakini macho hayazioni zote, na ukimtazama kutoka juu unaona kiuno, huyo yuko sawa. Madaktari wa mifugo wana kipimo cha 1 hadi 9 cha kupima unene wa mbwa: 4 na 5 ndio uzuri wenyewe, 1 ni mifupa mitupu. Ukiziona mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga ukiwa umesimama mbali, na mapajani nyama imekwisha, hapo ndipo penye kazi.

Kisha mpimeni uzito. Panda kwenye mizani peke yako, halafu panda tena ukiwa umembeba mbwa, toa ya kwanza kwenye ya pili. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Macho ya mwenye mbwa hayaaminiki, maana humwona kila siku. Daftari halina huruma wala woga.

Sasa kinyesi. Mbwa anayetoa kinyesi kingi, chepesi, mara chache kwa siku, huku akizidi kukonda, mara nyingi tatizo lake liko kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo chakula hufyonzwa. Anayekwenda haja mara nyingi, kidogokidogo, kwa kujikamua, na kinyesi kina ute au matone ya damu nyekundu, shida yake iko zaidi kwenye utumbo mpana, na mbwa wa namna hiyo mara nyingi hakondi sana. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyotoka juu, tumboni au mwanzo wa utumbo, ikameng'enywa njiani. Hicho hakingoji Jumatatu, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na kinyesi kingi kupita kiasi, cha rangi hafifu, chenye mafuta na harufu kali, nitakirudia baadaye kidogo, kwa sababu kina hadithi yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mbwa wa kwetu, mwizi wa kwanza wa chakula ni minyoo. Safura hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mtoto wa mbwa huipata kwenye maziwa ya mama yake, na mkubwa huipata kwa mabuu yanayopenya ngozi akilala kwenye udongo wenye vinyesi. Fungua mdomo wa mbwa wako uangalie ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, damu imepungua. Tegu naye huletwa na viroboto. Mbwa anajikuna kwa meno, anameza kiroboto, na tegu anaanza maisha ndani, halafu unaona vipande vyeupe vidogo vikijongea kwenye manyoya karibu na mkia. Kwa hiyo anayetibu tegu bila kuua viroboto anajisumbua.

Watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka wafike wiki 8, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Kwa mbwa mkubwa, kila miezi 3 inatosha. Aliyekonda arudiwe dozi baada ya wiki 2 au 3, kwa sababu dawa huua minyoo iliyo utumboni, lakini mabuu yaliyojificha mwilini hushuka baadaye. Tena si kila dawa huua kila mnyoo. Dawa ya tegu ni nyingine na ya safura ni nyingine, ingawa zipo zilizochanganywa pamoja. Na wako wadudu wadogo wa kuharisha wasioonekana kwa macho, ambao dawa ya kawaida ya minyoo haiwagusi. Ndiyo maana nasema beba kinyesi kibichi, cha asubuhi hiyo, kwenye kikopo safi chenye mfuniko, ukipeleke kwa daktari wa mifugo akipime kwa darubini. Gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko nyama unayoipoteza kila wiki.

Mwizi wa pili ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa hata kwenye nyufa za kuta za banda, na huambukiza ugonjwa wa damu ambao humkondesha mbwa polepole kwa miezi: homa inayokuja na kuondoka, hamu ya kula kupungua, ufizi kupauka, wengine kutokwa damu puani. Mwenye mbwa hudhani ni tumbo, kumbe ni damu. Tiba yake ipo, vidonge vya doksisaiklini kwa wiki nne hivi, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito. Anayeishia wiki ya kwanza kwa kuwa mbwa amechangamka huurudisha ugonjwa.

Mwizi wa tatu ndiye mwenye hadithi niliyowaahidi. Wale mbwa wa Kijerumani wa masikio yaliyosimama, mnaowaita jamani shepadi, wana ugonjwa unaorithiwa katika ukoo wao. Kongosho, ambalo kazi yake mojawapo ni kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, hunyauka. Dalili hazitokei mpaka sehemu kubwa sana ya kongosho imekwisha kufa. Mbwa wa namna hii hula kama moto, wengine hula hata kinyesi chao, na bado hukonda, kwa sababu chakula kinapita tu bila kusagwa. Kinyesi chake ndicho kile kingi, hafifu, chenye mafuta. Huyu ukimwongezea chakula unaongeza kinyesi. Kuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, na tiba yake ni unga wa vimeng'enya unaochanganywa na kila mlo, maisha yake yote, na mara nyingi sindano za vitamini B12, kwa maana utumbo mgonjwa hushindwa kuifyonza. Pale unga usipopatikana, daktari anaweza kuwaelekeza kutumia kongosho bichi la ng'ombe aliyekaguliwa machinjioni, likakatwakatwa na kuchanganywa na chakula. Msilifanye hilo kwa kubahatisha. Na mbwa mwenye ugonjwa huu asizalishwe, hata kama mtu anawaahidi fedha nzuri kwa watoto wake.

Yapo mengine: meno mabovu, figo, kisukari, uzee. Hayo mwachieni daktari. Kazi yenu ni kumfikisha kwake mkiwa na daftari la uzito, kikopo cha kinyesi, na majibu ya kweli anapowauliza mnampa nini.

Na hapo kwenye mnampa nini, tuzungumze bila kuoneana haya. Nyumba nyingi mbwa hupewa uji wa pumba, au uji mwepesi wa sembe uliotiwa maji ya kuoshea sufuria. Tumbo linajaa, mbwa analala, na mwenyewe anaridhika. Hebu tupige hesabu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Ukizipika ndani ya lita moja ya maji, lita nzima ya uji ina hizo kalori 360, basi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kalori zipatazo 670 kwa siku kwa kulala tu na kupumua. Hesabu yake ni rahisi: zidisha uzito kwa 30, ongeza 70. Akitembea, akilinda usiku, na akitakiwa kuongeza mwili, anahitaji kama 1,100 hadi 1,200. Uji huo atakunywa lita tatu na zaidi ndipo afike, na protini bado hajapata. Pumba ndiyo mbaya zaidi kwa mwenye tumbo dhaifu: makapi ni mengi, nguvu ni kidogo, na utumbo unasuguliwa bure.

Kuna wanaowaambia kwamba mbwa hapaswi kula nafaka kabisa, ale nyama tu. Hao nao wamepitiliza. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Amekaa na wakulima vizazi vingi, akajifunza kula chao. Wali na ugali uliopikwa ukaiva vizuri humfaa, maadamu si peke yake.

Lakini mahindi yawe mazima. Nawaona mnavyochambua: mazuri ya watu, yaliyoota ukungu ya mbwa. Ukungu huo ndio wenye sumukuvu, na sumukuvu huharibu ini. Haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui na wilaya jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ini la mbwa haliistahimili kuliko lenu. Mbwa anayekataa chakula, anayetapika, macho na ufizi vikawa vya njano, ulizeni gunia kabla ya kumlaumu mchawi. Yaliyooza yafukieni, msimpe mbwa, wala kuku.

Sasa tumbo likishachunguzwa na wezi wakishafukuzwa, tuanze kumlisha. Tumbo kwanza, nyama ya mwilini baadaye.

Siku za mwanzo mpe chakula laini kisicho na makeke: wali uliopikwa ukawa laini, na kuku aliyechemshwa bila ngozi, bila mifupa, bila chumvi, bila kitunguu, bila kiungo chochote. Sehemu mbili za wali kwa moja ya kuku. Gawa katika milo minne midogo badala ya sinia moja la jioni, ukianza na nusu ya mahitaji yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa tumbo dhaifu methali hii ndiyo dawa yenyewe: mlo mdogo husagwa ukaisha, mlo mkubwa husukumwa ukatoka. Kinyesi kikishika umbo kwa siku mbili tatu mfululizo, ongeza kidogo, kama sehemu moja ya kumi, ungoje tena. Kikilegea, rudi ulipokuwa jana. Usikimbilie dawa.

Anapofika kwenye kalori 1,000, sufuria ya siku nzima ya mbwa wa kilo 20 inaweza kuwa hivi: wali uliopikwa gramu 400, yaani kama vikombe viwili na nusu; kuku aliyechemshwa gramu 250; yai moja lililochemshwa; na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya boga lililochemshwa na kupondwa. Nyuzinyuzi zake laini hukifunga kinyesi kilicholegea na kukilegeza kilichokauka. Kiazi kitamu kilichochemshwa kinaweza kushika nafasi ya sehemu ya wali. Kijiko kimoja cha mtindi usio na sukari kwa siku huwafaa wengi, lakini jaribu kwa kiasi kidogo.

Kuku akiwa ghali, kuna dagaa. Wale wa Mwanza wanaoanikwa chini huja na mchanga, kwa hiyo waosheni mara kadhaa mpaka maji yawe safi, wachemsheni, mwasage. Protini yao ni nyingi sana na bei inavumilika. Papa na ng'onda waliotiwa chumvi msimpe. Maini yana nguvu, ila kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki kinatosha, kwa kuwa mengi hulegeza tumbo na kulimbikiza vitamini A mwilini.

Chakula hiki cha nyumbani kikipita wiki chache kina upungufu mmoja mkubwa: nyama bila mfupa haina kalisi ya kutosha. Osha maganda ya mayai, yakaushe, yasage mpaka yawe unga laini, utie nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Kwa mbwa anayekua, au anayenyonyesha, muulize daktari kwanza. Kama mna uwezo wa kununua chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mbwa wenye matumbo dhaifu, nunueni, lakini hamieni polepole: siku mbili tatu robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, mpaka wiki moja hadi siku kumi zipite. Nimeona matumbo mengi yaliyoharibika kwa sababu tu ya kubadilishwa chakula kwa siku moja.

Mafuta ndiyo yenye kalori nyingi kuliko kitu chochote, kijiko kimoja cha chakula kina kama 120, na ndiyo maana vijana huyakimbilia. Muwe na adabu nayo. Anza na nusu kijiko cha chai, ongeza baada ya siku kadhaa. Mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kuliwasha moto kongosho: mbwa anatapika mfululizo, anakunja mgongo, hataki kuguswa tumbo. Madaktari wanawajua wagonjwa hawa baada ya Krismasi na Idi, watu wanapomrushia mbwa ngozi za kuku na mafuta ya nyama choma kwa upendo.

Wapo mbwa ambao, minyoo haimo, kupe hawamo, chakula ni kizuri, na bado tumbo linakataa. Huenda kuna chakula kimoja ambacho mwili wake hauelewani nacho. Mara nyingi huwa ni kile alichokizoea: nyama ya ng'ombe au kuku, au maziwa, au ngano. Chagua nyama ambayo hajawahi kuila, mbuzi au sungura kwa mfano, na wanga mmoja tu kama kiazi kitamu. Ale hivyo tu, kwa wiki mbili hadi nne, pasiwe na kipande cha chapati kutoka kwa mtoto wala mfupa kutoka kwa mlinzi. Kaya nzima iambiwe. Tumbo likitulia, mmeshajua. Akionjeshwa kingine katikati, mmeanza upya.

Nawakataza mambo kadhaa, na hapa sibembelezi. Maziwa mara nyingi humharisha mbwa mkubwa, kwa sababu wengi hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa wakishaachishwa kunyonya. Mayai mabichi acheni, yachemsheni. Mchuzi wenye kitunguu au kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu, hata kitunguu kikiwa kimepikwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali na kutoboa utumbo. Utumbo, mapafu na maini mabichi ya machinjioni, hasa yenye malengelenge ya maji, humwambukiza mbwa tegu mdogo ambaye mayai yake, yakiingia kwa binadamu, huota uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Waturkana wa Kenya wamesumbuliwa nao kwa miaka mingi. Chemsheni kila kitu, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika mbwa au kuzoa kinyesi, watoto hasa.

Dawa za binadamu wekeni mbali. Panadoli, ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo, huharibu ini au figo za mbwa. Metronidazo, ambayo kila mtu humeza akiharisha, msimpe bila kipimo cha daktari, kwani ikizidi huathiri mishipa ya fahamu, na vilevile huua vijidudu vizuri vinavyosaidia usagaji. Na msimdunge sindano ya minyoo ya ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Ng'ombe ana kilo 300, mbwa wako ana 20.

Neno la pekee kwa anayeokota mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu, mifupa mitupu. Huruma itakusukuma umpe sinia. Jizuie. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi ghafla, fosforasi na potasiamu hukimbia kutoka kwenye damu kuingia kwenye chembe za mwili, na moyo unaweza kusimama. Siku ya kwanza robo ya mahitaji yake inatosha, ikigawanywa mara nne au zaidi, yenye nyama zaidi kuliko uji, na uongeze taratibu kwa siku nne tano au zaidi. Mbwa huyo aonwe na daktari mapema, kabla ya mlo mkubwa wa kwanza.

Chakula si kila kitu. Mbwa anayekula pamoja na wenzake wenye nguvu humeza haraka bila kutafuna kwa kuogopa kunyang'anywa, halafu hutapika. Mlisheni peke yake, mahali patulivu. Anayefungwa mnyororo mchana kutwa kwenye jua hali vizuri. Hapa Njombe, baridi ya Juni na Julai, mbwa anayelala kwenye sakafu tupu anatumia chakula chake chote kujipasha moto. Gunia kavu lenye majani chini yake na paa lisilovuja vina thamani ya mlo mmoja. Maji safi yawepo saa zote, hasa kwa anayeharisha. Mvute ngozi ya begani: ikichelewa kurudi mahali pake, maji yamepungua mwilini, mkimbize kwa daktari. Mkimbize pia mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu, kwa sababu ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache unaanza hivyo, na kinga yake ni chanjo tu. Akishapona, apigwe pia chanjo ya kichaa cha mbwa kama bado, kisha kila mwaka.

Msitarajie miujiza. Mbwa wa kilo 20 akiongeza robo hadi nusu kilo kwa wiki, mshukuruni Mungu. Mpimeni siku ileile ya wiki, kabla hajala. Wiki mbili zikipita uzito haujapanda na mmefuata yote haya, rudini kwa daktari na daftari lenu. Na akifika unene wake, punguzeni kidogokidogo mpaka uzito usimame, maana mbwa mnene naye ni mgonjwa.

Mtasikia watu wakisema, mbwa ni mbwa tu, mtu gani ampikie wali? Waambieni kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ya nchi yetu inamtaka anayefuga mnyama amtunze. Na kama sheria haiwagusi, Waislamu wanaijua hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Yule mbwa hakuwa wake. Wa kwenu mmemfunga wenyewe langoni, hawezi kwenda kujitafutia, na usiku ninyi mkilala yeye yuko macho.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kwenda buchani, chukueni kikopo chenye mfuniko, zoeni kinyesi, mpelekeeni daktari wa mifugo aliye karibu nanyi. Nyama itanunuliwa baadaye.